Shule Haina Ua

Wiki iliyopita hadithi yetu iliishia turubai likiwa bado juu ya lori, nanyi wasomaji mkabaki mnanilaumu. Haya, sasa linafunuliwa.

Lori limesimama katikati ya uwanja wa shule. Utingo amepanda juu, anahangaika na mafundo ya kamba. Chini, chaki mkononi, amesimama Mama Sarufi, mwalimu wa Kiswahili, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi.

Kwa nini? Kwa sababu nyuma ya madarasa ya wadogo kuna machimbo ya zamani ya mawe. Wachimbaji walichukua mawe yao wakaenda zao. Shimo wakaliacha, likajaa maji, na maji yale hayajawahi kukauka hata jua liwake namna gani. Kati ya shimo na darasa la kwanza hakuna kitu. Mtoto anayekimbilia mpira anakimbilia majini.

Mwaka jana binti yake Mama Sarufi alikutwa humo. Viatu vyake vilikuwa ukingoni, vimepangwa sambamba, maana mama yake alimfundisha asivichafue.

Tangu siku ile Mama Sarufi hakukanyaga tena nyuma ya madarasa yale. Lakini wakaguzi wa elimu walipokuja aliwaonyesha kwa kidole, akiwa amesimama mbali, nao wakaenda kuangalia. Katika taarifa yao wakaandika: "Shule haina ua upande wa machimbo. Ujengwe kabla ya mvua."

Mwalimu mkuu akaisoma taarifa mbele ya wazazi, akajipiga kifua. "Mkaguzi akirudi," akaapa, "ataona ua mpaka achoke!"

Basi Mama Sarufi alijua kilichomo chini ya turubai. Nguzo. Seng'enge. Misumari.

Utingo akavuta. Turubai likaanguka.

Maua!

Maua mekundu, maua meupe, maua ya manjano. Maua ya vyungu na maua ya mifuko, yamebanana kama wageni wa harusi waliosikia chakula kinapakuliwa.

Chaki ikamponyoka mkononi.

"Nguzo ziko wapi?" akamwuliza utingo.

"Nguzo za nini, mama? Sisi tumetoka bustanini."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Akatoka mwalimu mkuu.

Wanafunzi walimwita Tai. Yeye aliamini wanamfananisha na yule ndege mwenye anga lake, na kila aliposikia jina hilo alitanua mabega. Masikini! Ilikuwa ni ile tai ya shingoni, ya mistari, aliyoivaa hata siku ya kufagia uwanja. Nyuma yake alimfuata makamu wake, ambaye watoto walimwita Mwangwi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno ambalo Tai hakulisema kwanza.

"Mwalimu!" Tai akaita, mikono ameitandaza. "Umeona mambo?"

"Naona maua, Mkuu."

"Maua!" akaitikia Mwangwi.

"Nilisoma taarifa ile nikaona haya," Tai akasema. "Shule kubwa kama hii, watu wazima wanakuja kukagua, wanaandika shule haina ua. Hata ua moja! Hivi mtu akiambiwa nyumba yake haina hata ua, si katukanwa huyo?"

"Katukanwa," akasema Mwangwi.

Mama Sarufi akaelekeza kidole nyuma ya madarasa. "Mkuu, ua ule ni uzio."

"Uzio upi?"

"Ua wa kuzungushia. Kama ua wa nyumba. Wanataka lile shimo lizungushiwe watoto wasiingie."

Na kwa kitambo kidogo Tai alielewa. Mama Sarufi alimwona alivyoelewa, kama unavyomwona mtu aliyekanyaga msumari. Macho yakamtoka, yakaenda kwenye lori, yakarudi. Kisha uso ukajifunga kama duka la mtu aliyefiwa.

"Wangetaka uzio wangeandika uzio," akasema.

"Wameandika ujengwe. Maua hayajengwi. Lingekuwa ua la kunusa, wangeandika lipandwe. Wao wameandika ujengwe."

"Kinachojengwa ni utamaduni."

"Utamaduni gani, Mkuu?"

"Utamaduni wa kupenda maua. Ujengwe kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua," akasema Mwangwi, na kichwa akakitikisa kwa hekima asiyokuwa nayo.

"Mbona wametaja upande wa machimbo?"

"Kwa sababu ndiko kubaya! Kubaya ndiko kunakopambwa. Wewe ukiwa na kovu usoni, poda utapaka mguuni?"

Utingo akacheka, akajifanya anakohoa.

Mama Sarufi akasogea karibu, akashusha sauti. "Mkuu, lori lirudi. Hakuna atakayekucheka. Tuseme limekosea njia."

"Nimeshawaambia wazazi wote ni maua. Nimeshamwandalia mgeni wimbo wa maua. Leo nikasimame niseme mwalimu mkuu mzima hajui maana ya ua?"

"Ndiyo. Useme hivyo."

Tai akaikaza tai yake. Sauti ikawa laini, na ole wako Tai anapolainisha sauti.

"Mwalimu, machungu yako tunayajua. Tulikuja matangani, tulilia na wewe. Lakini shule haiendeshwi kwa msiba wa mtu mmoja."

Mwangwi alifungua mdomo arudie. Hata yeye akaufumba.

Mama Sarufi aliinama akaiokota chaki yake, ikawa imevunjika vipande.

"Halafu," Tai akaendelea, amechangamka kana kwamba hakuna aliyeumia, "wadogo wa darasa la kwanza ndio watakaoyanywesha. Wajifunze kazi! Kila mtoto na kopo lake. Hata kitindamimba wangu yumo. Kopo lake nimelifungia mshikio mwenyewe, kwa tai yangu ya zamani. Mimi sibagui."

"Maji ya bomba?" Mama Sarufi akauliza haraka.

"Sasa ya nini, ya marashi?"

Akageuka kuliangalia bomba. Lilikuwa palepale mbele, karibu na lango, linadondoka tone baada ya tone. Mbali na shimo. Akajifariji kwa hilo, ingawa faraja yenyewe ilikuwa nyembamba kama uzi.

Maua yakashushwa. Na mikono ya Tai ilipozoea maua, haikujua kuacha.

Taarifa ilisema vyoo vya wasichana havina milango. Tai akapanga vyungu virefu mbele ya kila tundu la mlango. Msichana akiingia, anachungulia nje kama sungura kichakani. Taarifa ilisema paa la darasa la tano linavuja. Tai akaweka chungu cha maua chini ya tundu lenyewe, akasema, "Mungu atayanywesha haya." Taarifa ilisema walimu wanachelewa. Chumba cha walimu kikawekewa ua la manjano mezani, kando ya saa iliyosimama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumjua Tai. Ufa yeye angeuchomekea waridi.

Lakini sehemu kubwa ya maua ilikwenda nyuma, upande wa machimbo. Yakapandwa kwenye ukingo wenyewe, yamesongamana, marefu hadi kifuani mwa mtoto. Mama Sarufi hakwenda kuyaona. Aliwasikia walimu wenzake wakiyasifu, wengine kwa kuogopa, wengine kwa sababu kusifu hakuchoshi.

Darasani kwake, wiki hiyo, somo lilikuwa maneno yenye maana zaidi ya moja.

"Nani atanipa mfano?"

"Paa, Mwalimu! Paa la nyumba na paa wa porini."

"Vizuri. Mwingine?"

Msichana mmoja wa nyuma akasimama. "Ua, Mwalimu. Ua la kunusa, na ua wa nyumba."

"Vizuri sana. Kaa."

Hakukaa. "Na la tatu, Mwalimu."

"Lipi?"

"Ua! Kama, kaka, ua yule nyoka."

Darasa likaangua kicheko. Mama Sarufi aligeuka akaanza kufuta ubao, na ubao haukuwa na kitu.

Mkaguzi akarudi asubuhi ya jua kali, bila kishindo. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Waliomjua walisema miwani ile ikishuka machoni, mtu anapoteza cheo. Walimwita Mama Miwani.

Tai alikuwa amejiandaa. Walimu wamepangwa mstari. Wanafunzi wakubwa wameshika maua, wanaimba karibu mgeni nusa, karibu mgeni nusa, hadi mgeni akapiga chafya.

"Mheshimiwa Mkaguzi!" Tai akanguruma. "Ulisema shule haina ua. Leo hesabu mwenyewe!"

"Hesabu mwenyewe!" akasema Mwangwi.

Mama Miwani akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Mapambo ni mazuri. Sasa nionyesheni ua."

"Lipi, Mheshimiwa? Hili jekundu?"

"Upi," mkaguzi akamsahihisha. "Nionyesheni ua. Uko wapi?"

Walimu wakatazama viatu vyao. Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo, au angezimia. Tai akainama, akachuma ua jekundu, akampa mkaguzi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mahari.

Miwani ikashuka.

Mkaguzi akaliangalia ua. Akamwangalia Tai. Akaliangalia ua tena, maana kati ya viwili vile ndilo lililokuwa na afadhali.

"Hiki ni nini?"

"Ua, Mheshimiwa."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mwalimu mkuu."

"Mwalimu wa nini?"

Kicheko kikamponyoka mtu mmoja kwenye mstari, kikakatika. Jasho likaanza kumtoka Tai kwenye nywele, likashuka, likaingia ndani ya kola. Na hapo, msomaji, mtu yule alifanya jambo ambalo hata aliye mwoga anaona haya kulifanya. Alinyoosha kidole.

"Ni yeye!"

Kidole kikatua kwa Mama Sarufi.

"Mwalimu wa Kiswahili huyo! Mimi niliuliza maana ya neno, kwa unyenyekevu kabisa. Yeye ndiye aliyeniambia ni maua. Tangu afiwe, Mheshimiwa, hayuko sawa. Tunamvumilia tu."

Mstari mzima wa walimu ukaganda.

Mama Miwani akamgeukia makamu. "Ulikuwepo alipoulizwa?"

"Alipoulizwa," akasema Mwangwi.

"Nauliza ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Huyu mama alisema nini? Kwa maneno yako mwenyewe."

Kwa maneno yake mwenyewe! Ni kama kumwambia kuku aimbe. Mwangwi alifungua mdomo, akamtazama Tai, akaufunga. Akaufungua tena.

Kila jicho lilikuwa kwa Mama Sarufi, likingoja ajitetee. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa nayo tangu siku ya lori, ameyapanga vizuri, na ngeli zake. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwingine, juu ya bega la mkaguzi, karibu na lango.

Bomba lilikuwa limefungwa kitambaa mdomoni. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, umepasuka.

Akayaangalia maua yaliyotandazwa mbele ya ofisi. Yamenawiri. Udongo kwenye vyungu ni mweusi, unang'aa kwa maji. Na pembeni mwa kila chungu kulikuwa na nyayo ndogo ndogo, nyeupe, za tope lenye chokaa.

Tope lile alilijua. Alilifua kwenye gauni la mtoto, siku ambayo hakukuwa tena na sababu ya kulifua.

"Makamu," akasema. "Bomba limekauka lini?"

"Juzi," akasema Mwangwi, akashtuka alivyojibu.

"Na maua yamenyweshwa leo."

"Yamenyweshwa leo."

"Kwa maji ya wapi?"

Mwangwi akamtazama Tai. Tai alikuwa anatazama mawingu ambayo hayakuwepo.

"Makamu! Maji ya wapi?"

"Watoto wanachota kule nyuma," akasema Mwangwi. "Si mbali. Na tuliwaambia wachote taratibu."

Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoitunga mwenyewe tangu aajiriwe, na ingekuwa heri angekufa nayo.

"Saa hizi wako wapi?" mkaguzi akauliza.

"Kulekule. Ilipangwa mgeni akifika nyuma awakute wananywesha. Apigwe picha nao."

Mama Sarufi alikuwa ameshakimbia.

Alikimbia njia ambayo miguu yake iliikataa mwaka mzima. Akapita vyoo vyenye vyungu, akapita darasa la kwanza, likiwa tupu, milango wazi, mabegi madogo yametundikwa misumarini. Akazunguka kona.

Akayaona maua ya ukingoni. Yalipendeza, hilo tusilifiche. Yalisimama kama ukuta mrefu wa rangi, yamesongamana, na kwa kusongamana kwake hakuna aliyeweza kuona ardhi inaishia wapi na shimo linaanzia wapi. Mwanzo palikuwa na shimo wazi ambalo mtoto aliliona akaliogopa. Tai alikuwa amelifunika kwa uzuri.

Watoto walikuwa wamesambaa humo, vichwa vinajitokeza, makopo mikononi, wamelowa hadi magotini.

"Rudini!" akapiga kelele. "Njooni kwangu! Wote! Taratibu, msikimbie!"

Wakaja, wengine wanacheka, wengine wameanza kulia kwa kuona uso wake. Akawashika mmoja mmoja, akawasukuma ukutani mwa darasa.

"Mpo wote?"

"Tupo, Mwalimu!" wakaitika, kama wanavyoitika watoto, hata nusu yao wasipokuwepo.

Tai akatokea kwenye kona, anahema, mkaguzi nyuma yake.

"Si unaona?" akafoka. "Si wapo? Wazima kabisa! Unanikimbilia mbele ya mgeni, unazua balaa, kwa ajili ya..."

Mtoto mmoja, pengo mdomoni, alikuwa anavuta sketi ya Mama Sarufi. "Mwalimu, rafiki yangu hajaja. Alikuwa hapa sasa hivi. Alikuwa anachota."

Mama Sarufi akapenya kwenye maua. Mashina yakavunjika chini ya miguu yake, na hatua moja mbele yake hapakuwa na ardhi tena.

Chini, kwenye maji ya kijani, kopo lilikuwa linaelea. Linazunguka polepole, kama linalotafuta mtu. Mshikio wake haukuwa waya wala kamba. Ulikuwa tai. Tai ya zamani, ya mistari.

Tai alikuwa ameshafika ukingoni. Alilitazama kopo. Mkono wake ukapanda wenyewe shingoni, ukaishika ile mpya.

Kisha akapiga ukelele. Alimwita kitindamimba wake kwa jina, mara ya kwanza, mara ya pili, sauti ikagonga mawe ya upande wa pili ikarudi.

Makamu alisimama nyuma yake, mdomo wazi. Mwangwi hakuitikia.

"Ingia!" mkaguzi akamwambia Tai. "Ni mwanao! Ingia!"

Tai akakaa palepale katikati ya maua yake, akayang'ang'ania kwa mikono miwili, anayang'oa, anapeleka macho huku na huku akitafuta mtu wa kumwagiza.

Aliyesingiziwa wazimu kitambo kidogo kilichopita ndiye aliyempita.

Mama Sarufi hakujua kuogelea. Hakuvua viatu. Aliteleza na tope la ukingo hadi majini, na maji yakamshika kiunoni, baridi, kama yaliyokuwa yakimsubiri. Akapiga hatua kuelekea kopo. Yakamfika kifuani. Hatua nyingine, jiwe likageuka chini ya mguu wake, yakamfika kidevuni.

"Rudi, Mwalimu!" mtu akapiga kelele juu. "Subiri tulete kamba!"

Mwaka jana nao walikwenda kuleta kamba.

Akavuta pumzi, akazama. Macho yaliona kijani, kisha hayakuona kitu. Akapapasa. Jiwe. Tope. Jiwe jingine. Kifua kikaanza kumwaka moto. Akanyoosha mkono mbali zaidi, chini kabisa, ambako siku ile ya binti yake hakuna aliyemruhusu kufika.

Vidole vikagusa kitambaa. Ndani ya kitambaa, kitu laini.

Akakishika.

Nacho kikamshika.

Kikajizungusha shingoni mwake kwa mikono miwili midogo, kwa nguvu zote za mtu asiyetaka kufa, na jiwe alilokuwa amelikanyaga Mama Sarufi likaponyoka, wote wawili wakaanza kwenda chini.

Itaendelea wiki ijayo.